Derivativu ya mgawanyo inagoma: dalili, chanzo na tiba

"Mwalimu, kanuni nimeikariri, ila jibu la nyuma ya kitabu halitoki."

Maneno haya nayasikia kila mwaka kidato cha tano wakifika kwenye kalkulasi, kwenye kanuni ya mgawanyo, ile ya kutafuta derivativu (kasi ya kubadilika) ya sehemu, na mara nyingi anayeyasema hadanganyi. Kanuni anaijua, hata ukimwamsha usiku wa manane atakutajia. Kinachomwangusha kiko pembeni ya kanuni: mabano aliyoyaruka, x aliyoikata mahali pasipokatwa, au swali ambalo halikuhitaji kanuni hiyo kabisa.

Kwa hiyo nimeyapanga makosa kwa dalili, kama yanavyojitokeza kwenye madaftari. Tafuta dalili inayofanana na yako, kisha anza na chanzo kilichotajwa kwanza, maana ndicho ninachokutana nacho zaidi. Usikimbilie cha mwisho kwa kuwa kinaonekana cha kitaalamu.

Kanuni yenyewe hii hapa, tusije tukawa tunazungumzia vitu viwili. Ukiwa na sehemu yenye kiasi u na asili v:

(u/v)′ = (v·u′ − u·v′) / v²

Asili mara derivativu ya kiasi, toa kiasi mara derivativu ya asili, vyote vigawanywe kwa mraba wa asili. Mimi huwaambia wanafunzi "asili inafungua, asili inafunga": ndiyo ya kwanza kuandikwa juu, na ndiyo inayokaa chini.

Kabla ya dalili yoyote: kipimo cha kikokotoo

Hiki hakichukui dakika mbili. Chagua namba, tuseme x = 2. Tafuta thamani ya fankisheni ya swali kwenye 2, kisha kwenye 2.001. Toa ya kwanza kwenye ya pili, gawanya kwa 0.001. Namba utakayopata inapaswa kukaribiana sana na jibu lako la derivativu ukiweka x = 2. Zikiachana mbali, kosa lipo, na huna haja ya kusubiri kitabu kikuambie.

Onyo moja. Usipime kwa 0 wala kwa 1. Ni mashahidi wa uongo hao wawili: 0 inafuta kila penye x, na 1 ukiipandisha kipeo chochote inabaki 1. Nitakuonyesha huko mbele kila mmoja akiapa kwamba kosa ni sahihi.

Dalili ya 1: Namba zote sahihi, alama zimegeuka

Kitabu kinasema 7/(x + 2)², wewe una −7/(x + 2)². Chanzo ni kimoja tu: umeanza na kiasi badala ya asili, ukaandika u·v′ − v·u′. Kwenye kuzidisha na kujumlisha mpangilio haukuwahi kukusumbua, lakini hapa katikati kuna alama ya kutoa, na 5 − 3 si sawa na 3 − 5.

Ukiwa kwenye mtihani na huna uhakika kipi kinaanza, jaribu kwa x/1. Hiyo ni x tu, na derivativu yake ni 1. Asili ikianza: 1·1 − x·0 = 1. Kiasi kikianza: x·0 − 1·1 = −1. Umeshajua. Fanya jaribio hilo pembeni ya karatasi, halafu endelea na swali.

Dalili ya 2: Jibu limekuwa fupi mno

Mwenzako ana mistari mitano, wewe una mmoja. Hapo karibu kila mara umetafuta derivativu ya juu, ukatafuta ya chini, ukaziweka moja juu ya nyingine: u′/v′. Inaeleweka ulikotoka. Kwenye kujumlisha kila mtu alihesabiwa peke yake na mambo yakaenda, ukadhani na huku ni hivyo.

Jaribu kwa x²/x. Hiyo ni x, derivativu yake 1. Njia ya mkato inakupa 2x/1, yaani 2x. Kanuni inakupa (x·2x − x²·1)/x² = x²/x² = 1.

Lakini jaribio la herufi huwa halimkai mtu kichwani, basi tuhesabu fedha. Kuna kikoba chenye shilingi 600,000 na wanachama 20. Fungu la kila mmoja ni 30,000. Hazina inakua kwa 30,000 kila mwezi, na kila mwezi anaingia mwanachama mmoja mpya. Fungu la kila mtu linakua kwa kasi gani?

Anayetumia u′/v′ anagawa 30,000 kwa 1, anapata 30,000 kwa mwezi. Yaani mwezi ujao kila mtu ana 60,000. Kingekuwepo kikoba cha namna hiyo, mimi chaki ningeshaiweka chini zamani. Sasa tumia kanuni:

(20 × 30,000 − 600,000 × 1) / 20² = 0 / 400 = 0

Fungu halisogei. Hesabu kwa mkono uone: mwezi ujao hazina ni 630,000, watu ni 21, na 630,000 ukigawanya kwa 21 unapata 30,000 ileile. Fedha iliyoingia imemezwa yote na mdomo ulioongezeka. Ndiyo kazi ya ile alama ya kutoa: upande wa kushoto wake ni fedha zinazoingia, upande wa kulia ni watu wanaoongezeka kwenye mgao. Mwanafunzi aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kikoba haisahau kwa urahisi.

Na usijione mjinga kwa kosa hili. Leibniz, mmoja wa waasisi wa kalkulasi, alijiuliza swali hilohilo kwenye karatasi zake za tarehe 11 Novemba 1675: je, tofauti (kwake, badiliko dogo mno) ya zao si zao la tofauti, na ya mgawanyo si mgawanyo wake? Alichofanya ni kuchukua mfano na kuukokotoa, akaona haviendani. Kanuni sahihi aliichapisha mwaka 1684.

Chanzo cha pili, kwa walio mbele kidogo: umeshafundishwa kanuni ya L'Hôpital, na hiyo kweli inatumia u′/v′. Ila ile inatafuta kikomo, yaani thamani ambayo sehemu inaikaribia, pale juu na chini vyote vinapoelekea sifuri au vyote vinapokua bila mwisho. Haitafuti derivativu ya sehemu. Soma swali upya: ukiona "kikomo", ni ya L'Hôpital, ukiona "tafuta derivativu", rudi kwenye kanuni ya mgawanyo.

Chanzo cha tatu ni uzembe tu: umesahau mraba kwenye asili, ukaandika v badala ya v². Andika mstari wa sehemu na v² chini yake *kabla* hujajaza juu. Hautasahaulika tena.

Dalili ya 3: Mwanzo sahihi, mwisho umeharibika

Hapa ndipo penye msiba mkubwa, na ndipo nitakapokaa zaidi. Chukua

f(x) = (3x − 2) / (x² + 1)

Kiasi ni 3x − 2, derivativu yake 3. Asili ni x² + 1, derivativu yake 2x. Mwanafunzi anaandika juu:

3(x² + 1) − 3x − 2 · 2x

Umeiona? Kiasi kina vipande viwili, lakini kimeingizwa bila mabano, na ile 2x imekamata kipande cha mwisho peke yake. Mwingine anaweka mabano vizuri, (3x − 2)(2x), anayafungua kichwani, na alama ya kutoa inageuza kipande cha kwanza tu: 3x² + 3 − 6x² − 4x. Huyu wa pili ndiye anayenipa taabu, kwa sababu ukitazama haraka kazi yake ni safi. Hata mimi nimewahi kuipa vyema nikiwa na rundo la madaftari saa tano usiku, na mwenye daftari ndiye aliyenirudishia kesho yake.

Iliyo sahihi inakwenda hivi, mstari kwa mstari:

3(x² + 1) − (3x − 2)(2x)
= 3x² + 3 − (6x² − 4x)
= 3x² + 3 − 6x² + 4x
= −3x² + 4x + 3

Mstari wa pili ndio wanaouruka wote. Zidisha kwanza, matokeo yabaki *ndani* ya mabano, kisha mstari unaofuata ondoa mabano na ugeuze kila alama iliyokuwamo. Mistari miwili, kazi mbili. Anayezifanya zote mbili kwa pamoja ili kuokoa wino atalipa kwa maksi.

Sasa pima. Kwenye x = 2, jibu sahihi ni (−12 + 8 + 3)/25 = −0.04. La yule aliyegeuza kipande kimoja ni (−12 − 8 + 3)/25 = −0.68. Kikokotoo: f(2) = 0.8, na f(2.001) ni kama 0.79996. Tofauti ukiigawanya kwa 0.001 unapata −0.04. Kesi imekwisha.

Na lile onyo la mashahidi wa uongo: weka x = 0 kwenye jibu sahihi, unapata 3. Weka kwenye jibu bovu, unapata 3 vilevile. Aliyepima kwa sifuri angelala usingizi mzuri na jibu bovu mkononi.

Baada ya mabano, chanzo kinachofuata ni alama mbili za kutoa zinazokutana. Mfano wake maarufu ni tanjenti, yaani sin x / cos x. Derivativu ya cos x ni −sin x, hivyo juu inakuwa cos x · cos x − sin x · (−sin x). Kutoa hasi ni kujumlisha: cos² x + sin² x, ambayo ni 1, na jibu ni 1/cos² x. Ukiona una cos² x − sin² x, hasi moja umeimeza. Iandike v′ pembeni ikiwa na alama yake, iingize kwenye kanuni ikiwa na mabano yake.

Dalili ya 4: Jibu linafanana na la kitabu, ila si lenyewe

Anza na uwezekano wa amani: huenda yote mawili ni sahihi, moja limerahisishwa na jingine bado. Weka x = 2 kwenye lako na kwenye la kitabu. Kisha x = 3. Namba zikilingana mara zote mbili, kwa maswali ya kiwango hiki hakuna ugomvi.

Zisipolingana, mshukiwa wa kwanza ni kukata. Tazama e^x / x². Kanuni inakupa

(x²·e^x − 2x·e^x) / x⁴

na mkono unawasha: x² ya juu na x⁴ ya chini, kata! Linabaki (e^x − 2x·e^x)/x². Hapana. Umekata kipande kimoja cha juu, cha pili umekiacha. Sehemu hukatwa kwa kitu kinachozidisha *kila* kipande cha juu. Kwa hiyo toa kwanza kinachoshirikiwa, ambacho hapa ni x·e^x:

x·e^x(x − 2) / x⁴ = e^x(x − 2) / x³

Pima kwa x = 1: la haki linatoa −e, na lile la kukata ovyo nalo linatoa −e. Ndiye shahidi wa uongo namba mbili huyo. Pima kwa 2: la haki ni 0, lile jingine ni kama −5.54.

Ukishahakikisha hujakata vibaya, na kikokotoo kinakubaliana na wewe, basi kitabu kimekosea. Hutokea, hasa kwenye fotokopi za fotokopi. Ila iwe hitimisho la mwisho, isiwe la kwanza.

Dalili ya 5: Umepungukiwa na mara 2, mara 3, au namba nyingine kamili

Ndani ya asili kuna fankisheni iliyojificha ndani ya nyingine. Kwa x/(2x + 1)³, derivativu ya asili ni 3(2x + 1)² mara 2, yaani 6(2x + 1)². Hiyo 2 inatoka ndani ya mabano na ndiyo inayosahaulika. Ukiikumbuka:

((2x + 1)³ − 6x(2x + 1)²) / (2x + 1)⁶ = (1 − 4x) / (2x + 1)⁴

Ukiisahau, juu panabaki 1 − x. Na angalia chini: mraba wa (2x + 1)³ ni kipeo cha 6, si cha 9. Vipeo vinazidishwa, 3 mara 2.

Dalili ya 6: Swali la maksi mbili limekula ukurasa mzima

Hujakosea, umebeba shoka kwenda kuchuma mchicha. Kabla ya kuandika u na v, itazame sehemu.

Chini kuna namba tupu? (x² + 1)/7 ni moja ya saba ya x² + 1; jibu ni 2x/7. Juu kuna namba tupu na chini kipeo cha x? 5/x³ ni 5x⁻³, jibu −15x⁻⁴. Chini kuna x peke yake? (x³ + 4x)/x ni x² + 4, jibu 2x, mradi ukumbuke x = 0 haimo.

Asili ikigawa kiasi bila baki, gawanya kwanza. (x² − 9)/(x − 3) ni x + 3 kila mahali isipokuwa x = 3, derivativu 1. Wanaopitia kanuni nao wanafika kwenye 1, baada ya kuzunguka mlima.

Dalili ya 7: Kikokotoo kinakataa jibu ambalo darasa zima limelipata

Swali lina sin, cos au tan? Tazama juu ya kioo cha kikokotoo. Kama kuna herufi ndogo D, kiko kwenye digrii, na kanuni zote za derivativu za trigonometria ulizofundishwa ni za radiani. Pima tan x kwenye x = 1 (hapa 1 haina madhara, maana hakuna kipeo cha x): kwa radiani utapata takriban 3.43, kwa digrii takriban 0.0175. Ukiona jibu limenywea namna hiyo, badili kuwa R, pima upya.

Kama swali halina trigonometria, chanzo kinachofuata ni mabano ya kikokotoo chenyewe. Ukibonyeza 3 × 2 − 2 ÷ 2² + 1, mashine inagawanya 2 kwa 4 tu na kuendelea na safari. Zungushia mabano juu yote, na chini yote.

Mahali pa kusimama na kwenda kwa mwalimu

Kuna hali ambazo ukizidi kujipa maswali peke yako unalizoesha kosa.

Simama kama 1/x + 1/3 inakushinda kuijumlisha. Tatizo si kalkulasi, ni sehemu za kawaida, na hata ufanye maswali mia ya kanuni ya mgawanyo halitapona. Mwambie mwalimu wazi. Wiki moja ya kurudia sehemu na mabano inatosha wengi, na hakuna aibu.

Simama kama swali moja umelifanya mara tatu ukapata majibu matatu. Kuna kitu unakifanya bila kujua, na jicho lako limeshakizoea. Linatakiwa jicho la mtu mwingine.

Simama ukikutana na |x| juu au chini, au fankisheni iliyoandikwa kwa vipande, "hivi x ikiwa ndogo kuliko 2, vile ikiwa kubwa". Pale vipande vinapokutana derivativu yenyewe inaweza isiwepo, na kanuni haitakuonya. Itakupa jibu tu. Vivyo hivyo pale asili inapokuwa sifuri: hapo hakuna fankisheni, hivyo hakuna cha kutafutia derivativu. Kama swali linakutaka useme lolote kuhusu nukta hizo, kaa na mtu anayejua vikomo.

Na ukienda, peleka daftari lenye makosa yote humo. Usifute, usinakili upya kwa mwandiko mzuri. Nikiletewa ukurasa msafi wenye jibu bovu mwishoni sina pa kuanzia; nikiletewa uliochafuka, mara nyingi naweka kidole kwenye mstari wa tatu, palipokosekana mabano, kabla mwenyewe hajamaliza kuketi.